Ubao wa mabingwa, uzani na kurudia darasa: jibu kwa mama wa mwanamieleka

*"Kocha, hujambo. Sisi ni Wakenya tunaoishi Lowell, Massachusetts. Mwanangu ana miaka 16 na mwezi ujao anaingia gredi ya 11 katika shule moja ya bweni ya binafsi hapa New England, anakosoma kwa ufadhili wa shule yenyewe. Anacheza mieleka. Akiwa gredi ya 9 alishinda mara 14, na msimu uliopita akashinda 27 na kushindwa 6, akamaliza wa tatu katika mashindano ya shule binafsi za New England, uzani wa pauni 126. Kwenye ukumbi wao wa mazoezi kuna ubao wa majina ya mabingwa wote, na juu kabisa imeandikwa rekodi ya shule: ushindi 112. Hiyo ndiyo inayomnyima usingizi. Anataka kushuka hadi 120 kwa sababu bingwa wa 126 bado hajahitimu. Sasa ana pauni 128, na likizo hii ameanza kuruka chakula cha jioni. Mzazi mwenzetu naye ametushauri tumrudishe gredi ya 10 ili apate msimu mmoja zaidi wa kuvunja rekodi. Binamu yake wa shule ya umma anamcheka kwamba ubingwa wa shule binafsi si ubingwa wa kweli. Niambie ukweli: ubao huo una uzito gani kwa vyuo, na hili la kushuka uzani ni salama?"*

Mama, salamu nyingi kwenu. Umeuliza mambo matatu: ubao, uzani na kurudia darasa. Kijana anayaona kama jambo moja kwa sababu yote yanaelekea jina lake kuandikwa ukutani. Mimi nitayatenganisha, maana jibu la moja si jibu la jingine, na mojawapo ni suala la afya lisiloweza kungoja hadi msimu uanze.

Nianze na binamu, huyo jibu lake ni jepesi. Yeye na mwanao wanacheza mchezo mmoja chini ya mamlaka mbili zisizokutana. Shule za umma za Massachusetts, pamoja na shule nyingi za Kikatoliki, ziko chini ya chama cha michezo ya shule cha jimbo, MIAA. Vijana wao huchujwa kwa madaraja, kisha jimbo zima, na wanaofanya vizuri huendelea hadi mashindano ya New England yanayokutanisha majimbo sita: Massachusetts, Connecticut, Rhode Island, New Hampshire, Vermont na Maine. Shule binafsi za maandalizi ya chuo zina baraza lao, NEPSAC, na chini yake ligi mbalimbali, mfano Independent School League ambayo mashindano yake ya mieleka huitwa Graves-Kelsey. Baada ya ligi ndipo huja mashindano ya shule hizo za New England, yale ambayo mwanao alikuwa wa tatu. Kwa hiyo kila mwaka kuna vijana wawili wa uzani mmoja, kila mmoja akijiita bingwa wa New England, na wote wawili wanasema kweli.

Maana yake ni kwamba mwanao hawezi kuwa bingwa wa jimbo hata siku atakapowashinda wote Massachusetts, kwa kuwa shule yake haiingii mashindano hayo. Hali ni hiyo hiyo kwa Blair Academy ya New Jersey na Wyoming Seminary ya Pennsylvania, shule mbili zinazoogopwa sana katika mchezo huu. Ukiwatafuta vijana wao kwenye orodha ya mabingwa wa jimbo hutawaona. Wao huwania taji la taifa la shule binafsi, mashindano ambayo kwa miaka mingi yalifanyika Chuo Kikuu cha Lehigh, mjini Bethlehem, Pennsylvania. Steve Mocco alitoka Blair, akawa bingwa wa vyuo mwaka 2003 na 2005, kisha akaiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki ya Beijing 2008. Hakuna aliyemwambia ushindi wake wa shuleni ulikuwa wa bandia.

Upi mgumu zaidi? Inategemea uzani na mwaka. Upande wa umma una shule nyingi zaidi, hivyo vijana ni wengi. Upande wa binafsi shule ni chache, lakini huvuta wanafunzi kutoka majimbo mengi na nchi nyingine, na baadhi yao wako kwenye mwaka wa ziada baada ya kuhitimu sekondari. Mtoto wa miaka 15 anaweza kupanda mkekani akakutana na mtu wa miaka 19 mwenye ndevu. Binamu hakutani na hilo mara kwa mara. (Na jamaa zenu nyumbani wakiuliza, waambieni si ile mieleka ya televisheni ya kurushiana viti. Hii haina mwandishi wa hadithi nyuma yake.)

Ningependa pia uisome upya ile nafasi ya tatu. Katika mieleka ya shule anayeshindwa mara moja hatolewi. Huhamia upande wa pili wa ratiba na anaweza kupambana hadi nafasi ya tatu. Ukipangwa upande mmoja na atakayekuwa bingwa, utakutana naye nusu fainali, utashindwa, na hata kama wewe ndiye wa pili kwa ubora, juu kabisa unakoweza kufika ni wa tatu. Aliyeshinda nafasi ya tatu pia huondoka akiwa ameshinda pambano lake la mwisho, jambo ambalo wa pili hawezi kulisema. Makocha wa vyuo wanajua kusoma ratiba hizi. Muulize mwanao alishindwa na nani na kwa pointi ngapi. Majibu hayo mawili yatakueleza mengi kuliko medali yenyewe.

Sasa ubao. Kwa kweli ni mbao mbili zilizotundikwa ukuta mmoja, na vijana wengi hawazitofautishi. Ubao wa mabingwa unapima siku moja au mbili za Februari: mapambano machache mfululizo dhidi ya waliobora wa kanda, huku viungo vyote vikiuma. Rekodi ya ushindi inapima kitu kingine: umecheza misimu mingapi, timu yako ilikuwa na ratiba ndefu kiasi gani, na je, hukuumia. Ndani ya hiyo 112 huenda mna ushindi mwingi wa mezani, yaani timu pinzani haikuwa na mtu wa uzani ule, mwamuzi akamwinua mkono kijana aliyesimama peke yake mkekani. Kwa kawaida huo nao huhesabiwa. Kwa shule ndogo zisizoweza kujaza uzani wote, mambo haya hutokea sana. Simdharau aliyeweka rekodi hiyo; kufika 112 kunahitaji mwili imara na nidhamu. Ninachosema ni kwamba namba hiyo imebeba mazingira yake.

Mazingira yenyewe hubadilika. Shirikisho la taifa la vyama vya shule za sekondari, NFHS, ambalo kanuni zake ndizo zinazofuatwa na shule nyingi, kuanzia msimu wa 2023-24 liliruhusu kila jimbo kuchagua kuwa na madaraja 12, 13 au 14 ya uzani, na pauni zenyewe zikasogezwa. Msimu uliofuata, 2024-25, kumwangusha mpinzani kukapandishwa kutoka pointi 2 hadi 3. Pambano bado husimamishwa tofauti inapofika pointi 15, na sasa kufika 15 ni haraka zaidi kuliko zamani. Kwa hiyo rekodi za pointi zitavunjwa moja baada ya nyingine miaka hii, na si kwa sababu vijana wa leo wana nguvu kuliko baba zao.

Hebu tufanye hesabu ya mwanao, maana yeye mwenyewe nadhani hajaifanya. Ana ushindi 14 na 27, jumla 41. Kuipita 112 anahitaji 72 zaidi. Amebakiza misimu miwili. Msimu uliopita alipanda mkekani mara 33 kwa jumla. Hata akishinda kila pambano kwa misimu yote miwili kwa ratiba kama hiyo, anaishia 107. Kushuka hadi 120 hakuongezi hata pambano moja kwenye ratiba. Rekodi hiyo haifikiki kwa misimu miwili, awe na pauni 120, 126 au 150. Mzazi mwenzenu ameliona hili, ndiyo maana akapendekeza mwaka wa ziada: kwa misimu mitatu anahitaji ushindi 24 kila mmoja, na hilo linawezekana kabisa. Hesabu yake ni sahihi. Alichoacha kuwaambia ni gharama yake, nitakuja huko.

Kilicho karibu na mkono wa mwanao ni ule ubao mwingine. Aliyekuwa wa tatu akiwa na miaka 15 au 16 ni mtu wa kuhesabiwa kwenye taji la kanda. Na hata akikosa, asidhani ukuta umefunga maisha yake ya mchezo. Jordan Burroughs, aliyekuja kuwa bingwa wa Olimpiki London 2012 na bingwa wa dunia mara sita, alitwaa taji la jimbo la New Jersey mara moja tu, mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Spencer Lee wa Pennsylvania alishindwa mara moja tu katika miaka minne ya sekondari, na ilikuwa fainali ya jimbo ya mwaka 2017, akicheza na kano ya goti iliyochanika. Jina lake halimo kwenye orodha ya walioshinda Pennsylvania mara nne. Baadaye akatwaa mataji matatu ya vyuo akiwa Iowa na medali ya fedha ya Olimpiki Paris 2024.

Sasa tuje kwenye sahani ya jioni, na hapa nitakaa zaidi.

Suala la kushuka uzani haliko mikononi mwa kijana peke yake, wala kocha. Baada ya wanamieleka watatu wa vyuo kufariki ndani ya wiki tano hivi mwishoni mwa 1997, wote wakijikausha maji ili wafikie uzani, kanuni zilibadilishwa. Vyuo vilitangulia. Shule za sekondari zilifuata, na kuanzia msimu wa 2006-07 NFHS ikataka kila mwanamieleka apimwe kabla ya msimu. Kwanza hupimwa mkojo kuhakikisha mwili una maji ya kutosha. Uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji ukipita 1.025, dalili ya upungufu wa maji, kipimo hakiendelei, anarudi siku nyingine. Kisha hupimwa mafuta ya mwili. Mvulana haruhusiwi kushuka hadi uzani utakaomwacha na mafuta chini ya asilimia 7. Msichana, asilimia 12. Na hata anayeruhusiwa kushuka, asipoteze zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa wiki. Ligi za shule binafsi zina utaratibu wao wa kutekeleza haya, kwa hiyo mwombe mhudumu wa afya ya wanamichezo wa shule akueleze wanavyofanya na lini.

Tuweke namba. Kijana ana pauni 128, yaani kilo 58. Tuseme apimwe akutwe na mafuta asilimia 10, kiwango cha kawaida tu kwa mvulana anayefanya mazoezi kama yake. Mwili bila mafuta ni pauni 115.2. Ili hizo 115.2 ziwe asilimia 93 ya mwili wake, uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa ni karibu pauni 124. Basi 120 imeshakataliwa na hesabu, na mjadala wenu umekwisha. Ili 120 ikubalike kwa nguvu ya kanuni, ingebidi leo awe na mafuta yapatayo asilimia 13. Unamwona kila siku likizo hii. Tazama mabega na mbavu zake, utakuwa na fununu ya jibu kabla ya kipimo.

Mama wengi hudhani mtoto akiruka chakula cha jioni anapunguza mafuta. Siku za mwanzo anapunguza hasa maji na akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini. Akiba hiyo huhifadhiwa pamoja na maji mengi, ndiyo maana mizani hushuka haraka na kijana hufurahi. Lakini akiba hiyo ndiyo nguvu ya dakika sita za pambano, vipindi vitatu vya dakika mbili mbili. Akiimaliza, kipindi cha tatu miguu inakataa. Akiendelea kujinyima, mwili huanza kula misuli. Akijikausha na maji pia, damu hupungua ujazo, moyo hulazimika kupiga haraka kusukuma kidogo kilichobaki, na mwili hushindwa kujipoza. Waliofariki mwaka 1997 walikuwa vijana wenye afya njema, wakifanya mazoezi kwenye joto na nguo za kuzuia jasho lisikauke. Suti za mpira, chumba cha mvuke, vidonge vya kukojoa na dawa za kuharisha vimepigwa marufuku kwa sababu hiyo. Ukikuta kimojawapo chumbani kwake usikichukulie kama utundu.

Kuna na umri. Mvulana wa miaka 16 bado anakua. Mifupa inarefuka, mabega yanapanuka, homoni za ukuaji zinahitaji chakula cha kufanyia kazi. Vijana wanaojinyima msimu mzima hujikuta homoni hizo zimeshuka. Kwa wengi hurudi wakianza kula, lakini msimu ndio umekwisha kwa uchovu, masomo yameyumba, na nyumbani hakukaliki kwa hasira zake.

Wala hata wakubwa hawachezi na mizani wakashinda daima. Paris 2024 Vinesh Phogat wa India alishinda mapambano matatu kwa siku moja kwenye uzani wa kilo 50 na kuingia fainali. Kesho yake asubuhi akapimwa akakutwa amezidi kwa gramu 100, akaondolewa na kuwekwa mwisho wa orodha. Rei Higuchi wa Japani alikuwa amezidi kwa gramu 50 kwenye mchujo wa Asia wa kuelekea Olimpiki ya Tokyo. Alirudi Paris na kutwaa dhahabu kwenye kilo 57, fainali akimshinda yule yule Spencer Lee. Hao walikuwa na madaktari na wapishi. Mwanao ana bwalo la shule.

Tuache afya, tutazame mbinu zenyewe. Anamkimbia bingwa wa 126. Wapo wangapi wengine wanaomkimbia huyo huyo? Kila aliyeshindwa naye mwaka jana anafikiria 120 au 132. Mara nyingi nimeona uzani unaokimbiliwa ukawa mgumu kuliko uliokimbiwa: kijana ameruka majivu akakanyaga moto, tena akiwa na njaa. Halafu bingwa naye anakua. Huenda Novemba ikafika yuko 132 au 138, na mwanao amejikondesha kumkwepa mtu aliyekwisha kuondoka.

Maoni yangu, kwa kuwa umeomba ukweli: acheze 126 msimu huu akila vizuri, na ajiandae kwa akili na mwili kwamba 132 inaweza kumfika mapema kuliko anavyotaka. Pauni 128 akiwa ameshiba mwezi huu wa Agosti ni mahali pazuri pa kuanzia kwa 126. Pauni mbili hizo zitashuka zenyewe mazoezi ya Novemba yakianza. Sitakuambia kushuka uzani ni kosa siku zote. Kijana mwenye mafuta ya kutosha, anayeanza mapema, anayeshuka polepole chini ya uangalizi wa mtaalamu wa lishe, na ambaye ataweza kuushikilia uzani huo bila kuteseka hadi Februari, anaweza kushuka salama. Ile asilimia 1.5 kwa wiki ni ukomo, si lengo la kulikimbilia. Lakini anayeanza kwa kuruka chakula cha jioni kwa siri ameanza na njia mbaya kuliko zote.

Chakula chenu cha nyumbani kinamfaa kabisa. Githeri, mayai, sukuma wiki, viazi vitamu, ugali na samaki au maharagwe: hapo kuna wanga wa kujaza misuli na protini ya kuijenga. Hana haja ya makopo ya unga yenye picha za vifua.

Kuhusu kurudia darasa. Kwanza, shule nyingi za bweni humruhusu mtoto kurudia anapoingia akitoka shule nyingine. Kumrudisha gredi ya 10 pale pale alipoimaliza, kwa ajili ya michezo, shule yenyewe inaweza kukataa. Mkihama shule ili arudie huko, ule ushindi 41 unabaki kwenye vitabu vya shule ya zamani na ubao mpya hautauhesabu. Mngelipia mwaka mzima, au kuomba ufadhili mwingine, kwa rekodi ambayo mmeiacha nyuma. Pili, ligi zina ukomo wa umri na wa misimu. Kabla ya jambo lolote pata jibu la maandishi kutoka kwa mkurugenzi wa michezo.

La tatu ndilo zito. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kwa daraja la kwanza (Division I) kinataka masomo ya msingi ya sekondari (core courses) 16, na 10 kati yake yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa nne wa sekondari. Saa yao huanza kuhesabu siku mtoto alipoingia gredi ya 9, na anatakiwa kumaliza ndani ya miaka minne. Akirudia darasa katikati, masomo ya mwaka wa tano yanaweza yasihesabiwe. Aliyehitimu kwa wakati wake kisha akaongeza mwaka mmoja wa baada ya kuhitimu ana nafasi finyu lakini iliyo wazi kikanuni: anaweza kuongeza somo moja la msingi. Kwa hiyo ikiwa siku moja mtaamua mwaka wa ziada una maana, kwa ajili ya kukomaa, alama za darasani, au kurudi baada ya jeraha, mwaka wa baada ya kuhitimu ni salama kuliko kurudia gredi ya 10. Kwa ajili ya namba 112 peke yake, mimi nisingetoa hata shilingi.

Je, vyuo vinautazama ubao? Ukutani kwa shule, hapana. Kocha wa chuo hatasafiri kuja kusoma majina. Anatazama video za mapambano, ratiba ya mashindano makubwa, nani alimshinda na alishindwaje, kama aliweza kufika kwenye medali za taifa za shule binafsi, na anavyocheza majira ya joto katika mtindo huru, hasa kwenye mashindano ya taifa ya Julai mjini Fargo, North Dakota. Ubingwa wa New England humfanya kocha afungue video. Kinachoamua ni kilichomo ndani yake. Ushindi 112 humfanya aulize ulikuwa dhidi ya nani.

Halafu anauliza alama za darasani, na hapa wazazi wengi wetu hukosea njia. Pesa za skolashipu ya mieleka si nyingi. Kwa miaka mingi timu ya daraja la kwanza iliruhusiwa kugawa sawa na skolashipu 9.9 kwa kikosi kizima, na zilimegwa vipande vipande. Tangu 2025-26, kwa vyuo vilivyoingia katika makubaliano mapya ya kisheria, ukomo huo umeondolewa na badala yake kikosi kisizidi watu 30, lakini kuruhusiwa si sawa na kuwa na pesa. Vyuo vya Ivy League vyenye mieleka, Brown, Columbia, Cornell, Harvard, Pennsylvania na Princeton, havitoi skolashipu ya michezo kabisa. Vinatoa msaada kulingana na kipato cha familia, na kwa familia nyingi huo ni mkubwa kuliko kipande cha skolashipu. Daraja la tatu nalo halitoi skolashipu ya michezo, ila vyuo kama Williams, Wesleyan na Trinity, vyote karibu nanyi, vina mieleka na vina misaada ya aina hiyo. Kijana anayesoma kwa ufadhili, mwenye alama nzuri na nafasi ya tatu New England, ana la kuzungumza na makocha hao. Awaandikie barua pepe yeye mwenyewe, si wewe, akiambatanisha video na matokeo ya darasani.

Usingoje msimu kwa mambo haya: akizimia au kupata kizunguzungu akisimama, mkojo ukiwa rangi ya strungi, moyo kwenda mbio akiwa ameketi, kuhisi baridi wakati wengine wanavua makoti, kujitapisha, kujipima mizani mara kwa mara kutwa, au kuficha chakula. Hayo ni ya daktari wake wa watoto, ana kwa ana, wiki hii hii. Akichanganyikiwa, akianguka au mwili ukiwa wa moto sana baada ya mazoezi, piga 911. Na hata kama hakuna dalili yoyote kati ya hizo, mpeleke kwa uchunguzi wa kawaida kabla shule haijafunguliwa. Mwambie daktari wazi kwamba ni mwanamieleka anayetaka kushuka uzani na mwombe amtume kwa mtaalamu wa lishe. Mtoto humsikiliza mtu wa nje kwa jambo ambalo mama amelisema kutwa.

Ukizungumza naye usianze na chakula. Mwulize kama anataka namba 112 au anataka kumshinda yule wa 126. Akisema namba, mpe kalamu na karatasi afanye hesabu ya 107 mwenyewe. Akisema anataka kumshinda yule kijana, basi atafute video ya pambano lao, alete kwa kocha wake, na waanze na pale alipoangushwa mara ya kwanza. Hiyo ni kazi ya Agosti hadi Novemba, na inahitaji mtu aliyekula. Kipimo cha mafuta kikitoka, mwombe mhudumu wa shule nakala ya karatasi yenye uzani wa chini aliopewa. Ikisema 123 au 124, mwonyeshe, ibandikeni kwenye friji, na suala la 120 lisirudi tena nyumbani kwenu msimu huu.